Nyumba Isiyoitikia Hodi

Tumemzika Bi Mwanahawa Ijumaa iliyopita, na mpaka leo nikiamka nasikiliza kikohozi chake upande wa pili wa ua. Wajukuu zake wananisihi nikapumzike, eti nimekaa sana matangani, miguu itavimba. Miguu yangu ilianza kuvimba kabla wao hawajazaliwa na haikuniomba ruhusa. Tulipokuwa tumekaa mkekani siku ya pili, binti mmoja mwenye maneno mengi aliniuliza mbele ya watu: "Bibi, wewe ni Mhindi. Kiswahili hiki umekipata wapi?" Wenzake wakamfinya anyamaze. Nikamjibu kwamba nilikipata uani, kwa kudukiza. Wakacheka, wakadhani ni mzaha wa kikongwe, na haukuwa mzaha. Nilijifunza Kiswahili kwa kusikiliza maneno ya watu kupitia kizuizi cha makuti, mwaka wangu wa kwanza hapa Bagamoyo, na mwaka huo ndio ninaotaka kuuandika kabla sijamfuata jirani yangu. Nani alimzaa nani, na kwa nini tulihama Kachi, hayo nayaacha. Kila Mhindi wa pwani hii anayo hadithi hiyo, na ukisikia moja umezisikia zote.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini au karibu na hapo. Kasimu wangu alikuwa mtoto wa miaka mitano, na Sakina alikuwa bado ananyonya, hajatembea. Ilikuwa miaka michache kabla ya Wadachi kuja na bendera yao, wakati mji huu ulipokuwa wa liwali na wa misafara ya bara. Nilikuja kwa sharti. Mume wangu, ambaye mpaka anakufa nilimwita Baba Kasimu na sikuwahi kumtaja jina, alinipa neno lake mbele ya mama yangu na dada yangu, aliyeolewa mtaa wa pili, sebuleni kwetu Mandvi: nikae mwaka mmoja, na nikishindwa, upepo wa kurudi ukianza atanipandisha chomboni mimi na watoto, anirudishe kwa mama. Mama alimsikiliza, akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye, akasema, "Mwaka mmoja nitaungoja." Maneno hayo niliyashika vizuri kuliko nilivyoshika kitu kingine chochote katika safari ile. Kila jambo la Bagamoyo lililonichukiza nilijiambia ni la mwaka mmoja tu, na yalikuwa mengi ya kunichukiza.

Nyumba yetu ilikuwa ndefu na nyembamba. Mbele ilikuwa duka: majora ya merikani, shanga, waya wa shaba, vitu ambavyo watu wa misafara walivichukua kwenda navyo bara. Nyuma ya duka ilikuwa ghala, na harufu yake ya ngozi na utomvu wa sandarusi iliingia hata kwenye maziwa ya mtoto. Nyuma ya ghala ndipo chumba chetu, kimoja, chenye dirisha lililokuwa juu mno, kiasi kwamba lilinionyesha mbingu tu. Halafu ua, penye jiko na mtungi, umezungushiwa makuti, na mlango mdogo wa kutokea uchochoroni. Kule mbele kulikuwa na dunia nzima. Msafara ukiingia kutoka bara nilisikia ngoma, na wapagazi wakiimba, na watu wakikimbia kwenda kuwatazama, na Baba Kasimu akipiga kelele na watu wa lugha nne. Alikuwa hodari wa kusema. Wateja wake walimpenda kwa maneno yake. Akifunga duka na kuja nyuma kula, hakuwa na neno hata moja lililobaki. Alikula kichri yangu ya mchele na dengu haraka, akaniuliza kama watoto wazima, nikamjibu wazima, akalala. Simlaumu, alikuwa amechoka. Lakini nilikuwa nimengoja siku nzima kusema na mtu mkubwa, na mtu mwenyewe ndiye huyo anayekoroma.

Mchana ulikuwa mrefu kupita kiasi. Nilipika, nilifua, nilichambua dengu tuliyokuja nayo kwenye gunia, na kila mara nilipochota niliona gunia linashuka na wadudu wanaongezeka. Nilimwimbia Sakina nyimbo zote nilizozijua, zikaisha, nikaanza tena. Kasimu alikuwa amekwisha kunitoroka. Alipitia dukani akatoka barabarani, na wiki chache hazikupita alikuwa akirudi jioni mdomo unanuka samaki wa kukaanga, amekula kwa watu, hataki chapati yangu. Nikimuuliza kala kwa nani ananitajia majina nisiyoyajua, ya akina mama wasiokuwa na sura kwangu. Mwanangu wa miaka mitano alikuwa na marafiki mji mzima, na mimi mama yake sikuwa na hata mmoja. Nilimwonea wivu, na huo ndio ukweli.

Watu walikuja mlangoni kwangu. Hili lazima nilieleze vizuri, kwa sababu ndilo lililonipotezea nusu ya mwaka. Kwetu Mandvi, mwanamke akitaka kwenda kwa mwenzake anapita mlango wa nyuma na kuingia moja kwa moja, akakukuta unasonga nywele au unapepeta mchele, akaketi, akaanza maneno. Anayesimama nje na kupaza sauti ni mwanamume, tena mgeni, tena mwenye haja na mwenye nyumba. Na mwanamke wa ndani mwenye heshima hapandishi sauti kumjibu. Anakaa kimya mpaka mumewe atoke. Basi pale Bagamoyo nilikuwa uani kwangu, mlango mdogo uko wazi, mara nasikia nje mtu anaita, "Hodi!" Sauti ya mwanamke. Ninanyamaza, nikingoja aingie. "Hodi!" Navuta ushungi kichwani, namshika Sakina vizuri, natazama mlango. Mara ya tatu, "Hodiii!" Halafu nasikia nyayo zinaondoka mchangani. Jambo hili lilitokea mara kadhaa, kwa sauti mbalimbali, na kila mara niliona uchungu ule ule. Nilijiambia: wanakuja mpaka mlangoni kuhakikisha ni Mhindi, wakihakikisha wanakwenda zao. Baada ya muda hawakuja tena.

Nikabaki na makuti. Upande wa pili wa makuti ndiko kwa Bi Mwanahawa, mjane wa makamo, mwenye shamba la minazi njia ya Mapinga, na ulimi uliojulikana mtaani. Dada yake alikuwa akija kumsuka, na wakikaa kusuka walisema mpaka jua likageuka. Mwanzoni ilikuwa sauti tu. Kisha nikaanza kuokota: lete, ondoka, chumvi, mjinga, Mungu atusamehe. Nilijua Bi Mwanahawa anapenda chumvi kidogo kabla sijaujua uso wake. Nilijua dada yake ana mkwe asiyefaa. Walipocheka nilitabasamu peke yangu uani, sijui wanachekea nini. Nilipanga kazi zangu kwa ajili yao. Wakianza kusuka nami nilichukua dengu nikakaa karibu na makuti. Ukisikia mtu anasema alikuwa na marafiki wawili ambao hawakujua kuwa yeye yupo, usimcheke, anasema kweli.

Na sentensi ya kwanza ya Kiswahili niliyoielewa yote, mwanzo mpaka mwisho, ilinihusu mimi. Bi Mwanahawa alimwambia dada yake, "Yule Mhindi wa hapa nyuma ana kiburi, dada. Nimempelekea wali wa nazi, nimepiga hodi zangu tatu, kimya! Na nilimsikia mwenyewe anaongea na mtoto. Hiyo si dharau?"

Dada yake akasema, "Mwache na nyumba yake. Hata mke wa mwalimu alikwenda, akafanyiwa vivyo hivyo."

"Nimekwisha mwacha. Wali wenyewe nimekula mimi."

Nilikaa pale na ungo mapajani, uso unawaka. Furaha ya kuelewa na machungu ya nilichokielewa vilinijia kwa pamoja, na nilitaka kulia nisijue nalilia kipi. Kisha nikakasirika. Kiburi mimi? Mlango ulikuwa wazi! Kama alikuja na wali, kwa nini hakuingia nao? Nani alimzuia? Alisimama nje kama mdai, akaondoka na chakula chake, halafu mwenye makosa ni mimi. Kutoka siku hiyo nilihama pale kwenye makuti, nikawa nachambua dengu yangu chumbani. Ndiyo miezi niliyoihesabu kwa uchungu kuliko yote. Nikawa nazungumza na mama yangu kwa sauti, kana kwamba yuko chumbani, nikimweleza nitakavyorudi, na nitakavyolala kwanza siku mbili bila kuamshwa.

Mvua za vuli zilipoanza, Baba Kasimu alikwenda Saadani kununua sandarusi, akamwachia duka mtu wake. Siku aliyoondoka Sakina alipata homa. Asubuhi iliyofuata macho yake yalikuwa mekundu, yanatoa machozi, na ngozi imemtoka vipele, na hakutaka titi. Mtoto anayekataa titi anamtisha mama kuliko anayelia. Nilimbeba nikazunguka naye uani, nikamwita mtu wa dukani. Akanitazama akaona haya, akasema atamtafuta mganga, akaenda, sikumwona tena mpaka adhuhuri. Nami sikumngoja. Nilitoka kwa mlango mdogo, kichwa wazi, mtoto begani, nikazunguka makuti, na nikafanya kama ambavyo ningefanya Mandvi. Niliingia. Nilipita ua wa Bi Mwanahawa, nikapita ukumbini, nikaingia mpaka chumbani kwake.

Alikuwa amekaa mkekani, leso moja kiunoni, kifua wazi, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, na dada yake nyuma yake ana kitana mkononi. Alipiga ukelele nadhani liwali aliusikia. "We! We mwanamke! Unaingia chumbani kwa watu bila hodi? Una wazimu?" Alivuta leso ya pili akajifunika, akasimama, na nikaona kuwa ni mrefu, na kwamba angeweza kunipiga. Maneno yote niliyoyaokota kwenye makuti yalinitoka kichwani. Yalibaki mawili. Nikasema, "Mtoto. Mungu."

Akaikaza leso kifuani. Akamchukua Sakina mikononi mwangu bila kuniuliza, akamfungua kinywa, akamtazama nyuma ya masikio. "Surua," alimwambia dada yake. "Mtaa mzima wanayo. Funga dirisha hilo, mwanga utamuumiza macho." Kisha akanigeukia mimi, akasema polepole, kama mtu anayesema na kiziwi, "Kaa. Kaa chini, mama." Nikakaa. Nilikaa katika nyumba ile mpaka homa ilipomwachia. Walimpa uji mwepesi wa mchele kwa kijiko cha kifuu, tone kwa tone, na mimi walinilisha wali wa nazi, na nilikula kwa pupa mpaka nikaona aibu. Usiku nililala kwenye mkeka ule ule na Bi Mwanahawa, mtoto katikati yetu. Wakati mwingine nilimsikia anamsomea dua, na dua zilikuwa ni zile zile za kwetu, herufi kwa herufi, na hilo ndilo jambo la kwanza mjini humu ambalo sikuhitaji kujifunza.

Sakina alipoanza kuomba kula, Bi Mwanahawa alijiona ana haki ya kunigombeza. Alinikalisha ukumbini. "Sasa niambie, Mama Kasimu. Nimekuja kwako kwa wema, nikapiga hodi. Kwa nini ulininyamazia?"

Nilitafuta maneno. "Mimi kungoja wewe. Mlango wazi. Kwa nini huingii?"

"Niingie vipi hujaniambia karibu? Mimi mwivi?"

"Kwetu hakuna kusema. Kuingia tu."

Alinitazama, akamtazama dada yake, akanitazama tena. "Yaani ulikuwa ndani, unaningoja?"

"Kungoja. Kila siku kungoja."

Dada yake ndiye aliyeanza kucheka. Bi Mwanahawa hakucheka kwanza. Alishika mdomo, akasema, "Masikini ya Mungu," kisha akacheka mpaka machozi, akanipiga begani, akaniambia kumbe nilikuwa mjinga wala si mwenye kiburi, na kwamba ujinga una dawa. Habari ikazunguka mtaa kabla ya magharibi. Kwa wiki nzima wanawake walikuja mlangoni kwangu kupiga hodi kwa fujo, wakisubiri nje wasikie nitakavyosema karibu kwa ulimi wangu wa Kikachi, na nikisema wanaanguka kwa vicheko. Walinitania bila huruma. Niliwapenda, na walipokwenda zao nilichoka mwili mzima.

Msomaji asidhani kwamba siku hiyo upweke uliisha. Nilidhani hivyo mimi mwenyewe, nikakosea. Nilipata watu wa kunisalimu na kunionjesha mboga, lakini kwa maneno niliyokuwa nayo niliweza kusema nina njaa, sina njaa, mtoto mzima, mvua nyingi. Sikuweza kusema jambo hata moja la moyoni. Nilikaa katikati ya wanawake saba wanaozungumza, nikicheka nusu dakika baada yao, na wakati mwingine nilitamani nirudi kwenye chumba changu chenye dirisha la juu, ambako angalau nilikuwa nimenyamaza kwa sababu hakukuwa na mtu. Upweke wa namna hiyo sikuwa nimeujua, na mpaka leo nikiona mgeni anacheka kwa kuchelewa namsogelea. Sharti langu halikuwa limebadilika. Nilimkumbusha Baba Kasimu, naye, mtu wa neno lake, akasema upepo ukigeuka atazungumza na nahodha. Nilianza kukunja nguo.

Wakati wa kuondoka ulipokaribia, alikuja dukani mzee mmoja wa mtaa wetu wa Mandvi, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye tangu utotoni nilimwita mjomba. Alikuwa anarudi na chombo kile kile ambacho tungepanda, na angekuwa mwangalizi wetu njiani. Baba Kasimu alimleta nyuma, nikamwekea kahawa, na kusikia Kikachi kikisemwa uani kwangu na mtu asiye na haraka kulinilegeza viungo. Alikuwa na salamu za mama. Alisema mama amekipaka chokaa chumba cha juu, amenunua mbuzi wa maziwa kwa ajili ya wajukuu, na anawaambia wapita njia wote kwamba mwaka umekwisha. Nililia hapo hapo, na sikujificha.

Mzee akataka kumwona mtoto. Sakina alikuwa sasa anatembea, anasema, tena mdomo hautulii, kwa kuwa kutwa alishinda kwa Bi Mwanahawa. Akamnyooshea mikono, akamsemesha kwa upole kwa lugha yetu, kwamba njoo, mwanangu, unataka nini, njoo uniambie. Sakina alimtazama mdomo. Akanitazama mimi. Akasema anataka maji. Alisema kwa Kiswahili, na mzee, ambaye biashara yake yote aliifanya kupitia mkalimani, hakuelewa, akamwuliza tena unataka nini. "Maji," akasema Sakina, kwa nguvu. Mzee akampa kipande cha halua. Akakisukuma. "Maji! Maji!" Na mimi, Mungu ananijua, sikunyanyuka kumpa. Nilikuwa nimeganda nikitazama uso wake. Alikuwa anaongea vizuri, kwa sauti, na mtu mwenye mapenzi yuko mbele yake hamwelewi, naye hajui kosa lake ni lipi. Nilijua sura ile. Nilikuwa nimeivaa mwaka mzima. Akageuka, akapita mlango mdogo mbio, na tukamsikia upande wa pili anaita "Bibi! Bibi!" na Bi Mwanahawa anaitika, na maji yanamiminwa kikombeni.

Wanaume wawili wale hawakuona kitu. Waliendelea na habari za nahodha, kwamba apewe jibu siku hiyo. Baba Kasimu akaniuliza kama mizigo iko tayari. Mizigo ilikuwa tayari. Niliiona kutoka pale nilipokaa, imefungwa kamba. Nilifikiria chumba cha juu chenye chokaa mpya, na watoto wangu wawili ndani yake, na mama akiwapenda kwa maneno ambayo Kasimu ameanza kuyasahau na Sakina hayasemi, na Sakina akingoja mtu mmoja aelewe. Nikasema, "Mjomba, mwambie mama mwaka huu haiwezekani. Mwambie mwakani."

Baba Kasimu aligeuka kunitazama. Mzee aliweka kikombe cha kahawa chini. Hakuwa na hasira. "Binti yangu," alisema, "nimebeba neno hilo, mwakani, kutoka Unguja, nimelibeba kutoka Mombasa, nimelibeba kutoka hapa kwenu. Kila mwaka nalibeba, na wale wazee wanaendelea kukaa barazani wakitazama njia. Mimi sitaki kumbebea mama yako. Nitamwambia kwamba hutarudi, asikungoje."

Nilitaka kumwambia anakosea. Uani kwa jirani Sakina alikuwa amekwisha kunywa maji yake na sasa anamweleza Bi Mwanahawa jambo refu, na Bi Mwanahawa anamjibu, ehee, ehee, ikawaje?

"Mwambie, basi," nikasema. "Lakini usimwambie akiwa peke yake, mjomba. Ngoja mpaka dada yangu awe amekuja."